Jasho la Mgodi Halitoshi

Ukimwambia kijana wa Tenke afanye mazoezi ili alinde ubongo wake, atashangaa, na ana haki ya kushangaa. Tangu alfajiri yumo shimoni akipiga mtarimbo na kupandisha mifuko ya mawe kwa kamba. Dada yake ameinama mtoni akiosha madini, maji yakimfika magotini. Mama yao amekwenda shambani kwa miguu na kurudi na muhogo kichwani na mtoto mgongoni. Watu hawa wakiambiwa kwamba maradhi ya ubongo ya uzeeni huwaandama waliokaa bila kujongea, watauliza: sisi tumekaa lini?

Naiandika sura hii kwa ajili ya swali hilo, maana vitabu vingi vya afya vimemwandikia mtu anayeshinda ofisini, na mchimbaji humo hayumo. Msimamo wangu ni kwamba kazi nzito na mazoezi ni vitu viwili tofauti kwa ubongo, hata vikitoa jasho lile lile. Na ukanda wa shaba wa Kongo, kutoka Fungurume na Tenke hadi Kolwezi, unaionyesha tofauti hiyo vizuri kuliko mahali pengi, kwa sababu hapa vimekutana mwili unaofanyishwa kazi kupita kiasi, vumbi, kelele, na wazee walioachiwa kiti tu.

Tuanze na ubongo wenyewe. Uzito wake ni kama asilimia 2 ya mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni tunayovuta. Hauna mahali pa kuweka akiba. Kila dakika unategemea damu inayopita katika mishipa myembamba mno, na mishipa hiyo ikikakamaa kwa sababu ya presha na sukari zilizokaa juu miaka mingi, vipande vidogo vya ubongo hufa bila kiharusi cha kuonekana. Mtu huanza kupotea njia aliyoizoea, huuliza jambo moja mara tatu, hushindwa kuhesabu chenji sokoni. Hiyo ni sura moja ya yale maradhi ya uzeeni, dimensia. Sura nyingine ni Alzheimer, ambapo protini mbili, amiloidi na tau, hurundikana katika ubongo na kuua seli taratibu. Uzeeni sura hizo mbili mara nyingi hukaa katika kichwa kimoja, na ndiyo maana kulinda mishipa ya damu kuna faida hata kwa mtu ambaye Alzheimer imekwisha kumgusa.

Mtu akitembea kwa kasi, moyo husukuma damu kwa nguvu zaidi, na kuta za mishipa hutoa gesi ya naitriki oksaidi inayoilegeza. Akirudia hivyo wiki baada ya wiki, presha hushuka hata saa za mapumziko. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu bila kuhitaji insulini nyingi. Kisha kuna jambo linalotokea ndani ya ubongo wenyewe. Mwaka 1982, Yves-Alain Barde na Hans Thoenen, wakiwa Ujerumani, walitenga kutoka kwenye ubongo wa nguruwe protini ambayo leo inaitwa BDNF. Hiyo husaidia seli za ubongo kuishi na kushikana upya, na mazoezi huiongeza, hasa katika hipokampasi, sehemu inayotunza kumbukumbu mpya na ambayo ni miongoni mwa sehemu za kwanza kusinyaa katika Alzheimer. Mwaka 2011 Kirk Erickson na wenzake Marekani walichapisha matokeo ya wazee 120 waliogawanywa makundi mawili. Waliotembea dakika 40, mara tatu kwa wiki, kwa mwaka mmoja, hipokampasi zao ziliongezeka kwa asilimia 2 hivi. Wale waliojinyoosha viungo tu, zao zilipungua kwa asilimia 1.4. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote juu ya ukubwa wa badiliko hilo, lakini ziliacha jambo moja mahali pake: ubongo wa mtu mzima, hata wa miaka 70, bado unasikia anachofanya mguu.

Lazima niseme pia mahali ambapo mazoezi hayafiki. Mwaka 2018 wachunguzi wa Uingereza walichapisha jaribio la watu 494 wenye dimensia ambayo ilikuwa imekwisha kuanza. Waliopewa mazoezi makali wakapata nguvu mwilini, lakini akili yao haikuacha kudorora. Kwa hiyo simwambii mtu mwenye mzazi aliyekwisha kupotewa na majina ya watoto wake kwamba amkimbize uwanjani ili yarudi. Kinga inafanya kazi yake mapema, tangu umri wa kati, na pengine kabla. Tena, wachunguzi waliofuatilia watumishi wa serikali wa London kwa miaka 28 waliona kwamba watu hupunguza mwendo hadi miaka 9 kabla daktari hajawaambia kuwa wana dimensia. Yaani mara nyingine ugonjwa ndio unaomkalisha mtu. Anayeahidi kwamba hatua fulani za miguu zitazuia Alzheimer kabisa anauza kitu asichokuwa nacho.

Hata hivyo uzito wa ushahidi unaelekea upande mmoja. Tume ya jarida la Lancet mwaka 2024 iliorodhesha mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, na ikakadiria kwamba yakiondolewa yote, karibu asilimia 45 ya dimensia duniani ingezuilika au kucheleweshwa. Kutojongea kumo katika orodha. Lakini nimeisoma orodha hiyo nikiwa na mkoa wa Lualaba akilini, na nilichokiona ni mengine yaliyomo pamoja nako: presha, sukari, vipigo vya kichwa, hewa chafu, kupoteza usikivu, upweke, pombe kupita kiasi. Ni kama vile walioiandika walipita Kolwezi.

Sasa tumrudie kijana wa shimoni. Mwaka 2021 wachunguzi wa Denmark walichapisha habari za wanaume 4,721 walioeleza kazi zao tangu miaka ya 1970. Wale waliofanya kazi nzito ya mwili walikuwa na hatari ya dimensia iliyozidi kwa asilimia 55 ile ya waliofanya kazi ya kukaa. Andreas Holtermann na wenzake wa huko wamelishughulikia fumbo hili kwa miaka: kwa nini kujongea wakati wa mapumziko kunalinda, na kujongea kazini kunadhuru? Maelezo yao hayahitaji elimu kubwa kuyaelewa. Mazoezi ni mafupi, makali kiasi, na yanaisha. Baada yake moyo unatulia na mishipa inapona. Anayebeba mizigo saa nane au kumi, siku sita, mapigo ya moyo wake yanabaki juu mchana kutwa, na presha nayo. Analala na maumivu, anaamka kabla hajapona. Kuinua na kushikilia mzigo hupandisha presha papo hapo kuliko kutembea. Na mpangilio wa kazi hauko mikononi mwake. Hawezi kusema leo nimechoka, acha nipumzike.

Si kila kazi ya mwili iko hivyo. Mwaka 1953 Jerry Morris alionyesha kwamba makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London, waliopanda na kushuka ngazi siku nzima, walipata maradhi ya moyo kidogo kuliko madereva waliokaa. Kazi ile ilikuwa nyepesi, ya miguu, yenye vituo. Na karibu zaidi nasi, kando ya Ziwa Eyasi nchini Tanzania, Wahadzabe wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi wamepimwa na David Raichlen na wenzake. Kwa wastani hufanya dakika 135 kwa siku za mwendo wa wastani hadi mkali, na hata wazee wao hawaachi kutembea. Lakini watu hao hao hupumzika karibu saa 10 mchana, mara nyingi wakiwa wamechuchumaa, misuli ya miguu ikiwa macho kidogo. Nadhani hapa ndipo penye siri: mwendo mwingi na mapumziko mengi, vyote viwili, na hakuna anayempigia mwenzake kelele amalize mfuko.

Kwa mchimbaji wa mikono, basi, ushauri wa kwanza wa afya ya ubongo ni mapumziko, na ndio unaonigharimu kuusema, kwa sababu najua anayelipwa kwa mfuko hawezi kupumzika bila kupoteza chakula cha jioni. Bado ni ukweli. Siku moja nzima kwa wiki bila mzigo. Maji ya kutosha. Usingizi wa usiku. Na siku hiyo ya bila mzigo atembee mikono mitupu, au acheze mpira, ili moyo ufanye kazi na kisha uachwe utulie.

Jambo la pili ni vumbi, na hapa nataka kukaa kidogo. Mtu aliyetulia huvuta hewa lita 6 hadi 8 kwa dakika. Akifanya kazi ngumu huvuta lita 40, 60, hata zaidi, tena kwa mdomo, akiupita mchujo wa pua. Pumzi ile ile inayoupa ubongo damu safi ndiyo inayobeba uchafu hadi mapafuni, na chembe ndogo kabisa hupenya zikaingia kwenye damu. Mwaka 1837 daktari John Couper wa Glasgow aliandika juu ya wanaume waliokuwa wakisaga manganisi kiwandani: miguu ililegea, wakatembea wakiinamia mbele, sauti ikafifia. Leo tunajua kwamba manganisi ikivutwa kwa wingi kwa muda mrefu hujikusanya katika sehemu za ndani za ubongo zinazoongoza mwendo, na kuzaa ugonjwa unaofanana sana na Parkinson. Manganisi si kitu kigeni Lualaba. Kisenge, kuelekea Dilolo, ni mgodi wa manganisi wa tangu enzi ya ukoloni, na madini yake yalikwenda bandari ya Lobito kwa reli, kwenye mkono ule unaoanzia njia panda ya Tenke na ulioungana na reli ya Benguela mwaka 1931. Hata mawe ya kobalti ya huku mara nyingi yana manganisi ndani yake.

Kwa upande wa kobalti, Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na Benoit Nemery wa Leuven wamepima mkojo na damu za wakazi wa ukanda huu kwa miaka. Mwaka 2018 walichapisha habari za Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambapo watu walichimba hadi chini ya nyumba zao, na wakaonyesha kwamba kobalti mwilini ilikuwa juu hasa kwa watoto. Sitasema kwamba kobalti hiyo italeta dimensia, hilo halijathibitishwa. Nasema kwamba anayehema kwa nguvu mahali pa vumbi la madini hapaswi kuliita zoezi. Kuna utafiti wa Uingereza, ambao Raichlen yule yule wa Wahadzabe alishiriki, ulioona kwamba faida za mazoezi makali kwa ubongo zilipungua kwa watu walioishi penye hewa chafu. Kwa hiyo anayetaka kukimbia asifuate barabara ya malori ya Likasi kwenda Kolwezi. Achague njia za mashambani. Kiangazi, kati ya Mei na Septemba, vumbi linapopanda, atembee kabla malori hayajawa mengi. Masika mvua yenyewe humsafishia hewa. Na shimoni, kitambaa kilicholowa maji ni afadhali kuliko mdomo wazi, ingawa barakoa ya kweli ndiyo kinga.

Tatu ni kichwa chenyewe. Hakuna Mkongomani asiyelijua pambano la ngumi la tarehe 30 Oktoba 1974 huko Kinshasa, katika uwanja ambao sasa unaitwa Tata Raphaël. Muhammad Ali alikuwa mmoja wa watu wenye mwili imara kuliko wote duniani. Alikuwa akikimbia alfajiri kando ya mto huko N'Sele. Usiku ule aliegemea kamba akamwacha George Foreman ampige hadi achoke, kisha akamwangusha katika raundi ya nane. Miaka kumi baadaye, mwaka 1984, madaktari walimwambia ana Parkinson, akaishi nayo hadi alipofariki mwaka 2016. Wataalamu hawakukubaliana ni kwa kiasi gani vipigo vilisababisha ugonjwa wake. Lakini mapafu na moyo wa bingwa havikumwokoa, na kuhusu vipigo vya kichwa kwa ujumla hakuna tena mabishano: huongeza hatari ya dimensia.

Mpira wa miguu nao una somo lake. Mwaka 2019 Willie Stewart na wenzake walilinganisha wachezaji wa zamani wa kulipwa wa Scotland, 7,676, na watu wengine wa rika lao. Wachezaji walikufa kidogo kwa maradhi ya moyo na saratani ya mapafu, lakini vifo vya maradhi ya ubongo vilikuwa mara tatu na nusu zaidi. Mpira wa kichwa ndio unaotiliwa shaka. Watoto wa Tenke waache wacheze, wakimbie hadi jua lizame. Makocha wao wapunguze tu mazoezi ya kupiga mpira kwa kichwa. Na kijana anayebeba abiria kwa pikipiki, ambaye hukaa kitini kutwa nzima na kupita katikati ya malori bila kofia ngumu, anauhatarisha ubongo mara mbili. Kofia hiyo ni kinga ya dimensia kama ilivyo kinga ya kifo.

Nimewaacha wazee hadi hapa kwa sababu kwao ndiko matokeo yanakovunwa. Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, waliondoka kazini kwa mpango ulioitwa wa hiari. Wengi wao leo wamevuka miaka 70 au wanaikaribia. Walizoea king'ora cha zamu, timu za mpira za kampuni, kwaya, wenzao wa karakana. Kisha yote yakakatika kwa mkupuo. Wengine masikio yalikuwa yamekwisha kuharibiwa na mashine, na asiyesikia hujitenga, na anayejitenga huacha kutoka nyumbani. Kupoteza usikivu ni miongoni mwa mambo yenye uzito mkubwa kabisa katika orodha ya Lancet. Mzee wa namna hiyo akianza kusahau, akitangatanga usiku, akimtukana mkwe, nyumbani hapasemwi dimensia. Husemwa bulozi, yaani uchawi. Hili linaniuma kuliko yote niliyoandika katika kitabu hiki, maana mgonjwa anapigwa au kufukuzwa kwa sababu ya seli zilizokufa kichwani mwake.

Afrika si bara lisilo na dimensia. Shirika la Afya Duniani huhesabu wagonjwa zaidi ya milioni 55 duniani, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta dimensia kwa asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na zaidi. Lakini Ibadan, Nigeria, Hugh Hendrie na Adesola Ogunniyi walipowalinganisha wazee wa Kiyoruba na Wamarekani weusi wa Indianapolis, waliona kwamba visa vipya kwa mwaka Ibadan vilikuwa asilimia 1.35 na Indianapolis asilimia 3.24. Presha na sukari zilikuwa chache Ibadan. Ngozi moja, mababu wa eneo moja, maisha tofauti.

Kwa wazee hao jambo la kufanya lipo karibu na halina gharama. Utafiti wa wakazi 78,430 wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2022, ulihusisha hatua 3,800 hivi kwa siku na upungufu wa robo ya hatari ya dimensia, na hatua karibu 9,800 na upungufu wa nusu. Hatua 3,800 ni kwenda sokoni na kurudi kwa wengi. Anayeita pikipiki kwa safari ya dakika kumi anatoa pesa ili apunguziwe kinga. Dansi ni bora zaidi. Mwaka 2003 Joe Verghese alichapisha habari za wazee 469 wa Bronx, na kati ya shughuli zote za mwili alizouliza, iliyoambatana na upungufu wa dimensia ilikuwa dansi peke yake. Sioni ajabu. Anayecheza anakumbuka hatua, anasikiliza mdundo, anamtazama mwenzake, anashika mizani, na yuko na watu. Mama wa miaka 75 anayecheza na kwaya Jumapili nzima, kisha anarudi nyumbani kwa miguu na wenzake wakizungumza, anafanya karibu yote ambayo wataalamu wa Finland waliwapangia wazee katika jaribio lao maarufu la miaka miwili, lililohusisha watu 1,260. Wafini waliongeza chakula bora na upimaji wa presha. Bukari na sombe yenye mafuta kidogo na chumvi kidogo ipo tayari. Presha ndiyo inayosahaulika, maana haiumi.

Hapa mazoezi yanaacha kuwa shauri la mtu mmoja. Sheria ya madini ya Kongo ya mwaka 2018 inazitaka kampuni kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya wenyeji, na kutia saini pamoja nao hati ya ahadi. Mara nyingi meza hizo huzungumzia shule, visima na zahanati, na ni vyema. Wazee wa vijiji vya Tenke na Fungurume wakikaa tena mezani, waongeze njia za miguu zilizotengwa na barabara za malori, maji ya kumwagia barabara hizo kiangazi chote, kiwanja cha mpira mbali na machimbo, na mashine ya kupimia presha katika kila kituo cha afya, pamoja na mtu wa kuitumia.